Moto Chini ya Kigari cha Nhàn

Kiberiti kiliwaka.

Wiki nzima mmenilaumu kwa kukata hadithi palepale Nhàn alipokipiga, na msomaji mmoja ameapa kwamba kuanzia sasa ukurasa huu atafungia maandazi. Haya, msininunie. Kiberiti kimewaka, gazeti kuukuu limeshika, na Nhàn ameinama mbele ya kigari chake cha mikate bila kujua kinachomngoja uvunguni.

Aliyekosa toleo lililopita nitamweleza upesi. Asubuhi ile, kwenye mdomo wa kichochoro kimoja cha Wilaya ya Nne, Saigon, alitokea mwanamke aliyejifunika uso kwa kitambaa cha maua. Ndiye mteja wa kwanza wa siku. Akabonyeza mikate yote, akasema imelala. Akanusa maini ya kusaga, akakunja pua. Akabishana bei mpaka Nhàn akaishiwa maneno, kisha akaenda zake bila kununua hata kipande.

Nuksi tupu! Mteja wa kwanza akikufanyia hivyo, siku yako imeharibika, na kila mchuuzi wa mji ule anaijua dawa yake. Unawasha karatasi, unaizungusha kwenye biashara yako, juu, kisha ubavuni, mwisho uvunguni, na huku unautukana mkosi mpaka ukimbie.

Basi Nhàn alizungusha juu. Akazungusha ubavuni.

"Toka, shetani! Nenda kwa waliokutuma!" akasema, akaupeleka moto uvunguni.

Uvungu ulimrukia.

Puuu! Moto ulifoka kutoka chini ya kigari, ukamlamba mkono, ukapanda kwenye nywele. Kikaango cha mayai kikapinduka, mafuta yakadaka moto, kioo cha kabati ya mikate kikapasuka kikamrushia vipande usoni. Nhàn alianguka chali anapiga kelele, mkono wa blauzi unawaka.

"Mama yangu! Nakufa!"

"Hufi! Funga macho!" ilijibu sauti ya Mzee Bảy, fundi pancha wa kona ileile, mzee mwenye mdomo mchafu na roho safi. Alilibeba beseni la maji ya kutafutia pancha, akammwagia Nhàn lote. Blauzi ikazimika kwa mvuke.

Lakini Mzee Bảy hakuwa fundi pancha tu. Alikuwa pia muuza petroli ya chupa, na chupa zake zilikuwa zimejipanga kwenye rafu, hatua chache kutoka kwenye ule moto. Ziguswe tu, kona nzima iruke pamoja na watu wake.

Mzee aliutazama moto, akazitazama chupa, akatukana tusi ambalo mhariri wangu hawezi kuliruhusu. Akakikamata kigari kwa mikono mitupu, akakisukuma kuelekea barabarani.

"Mjomba, kiache!" Nhàn alimpigia kelele.

"Nikiache kikakae wapi? Kitandani kwako?"

Alikisukuma akilia kwa maumivu, ngozi ya viganja ikibaki kwenye bomba la kusukumia. Pikipiki zikapiga breki huku na kule. Alipokifikisha katikati ya njia, kigari kikalala ubavu, na mafuta yanayowaka yakammwagikia kifuani.

Sijui niseme nini hapo. Mzee wa watu aliwaka. Alikimbia akizunguka, na majirani wakamfuata na ndoo za maji ya vyombo, wakimwaga na kumkosa, mpaka muuza tambi mmoja akamrukia na gunia lililolowa wakaanguka naye chini.

Moto ulipozimika, kifua chake hakikuwa cha kutazamwa.

Ndipo akafika Dụng na pikipiki yake, tenga kubwa la mikate limefungwa nyuma, limefunikwa blanketi kama kila siku. Dụng ni shemeji yake Nhàn, mdogo wa marehemu mumewe. Wanaishi nyumba moja, ile aliyoiacha marehemu kwa jina la mkewe. Waliwahi kukosana kwa sababu Dụng alitaka iuzwe na Nhàn akagoma, lakini hayo yalipita, na kila asubuhi Dụng ndiye anayemletea mikate ya moto kutoka bekari.

"Mungu wangu, shemeji! Uko hai?" alisema Dụng, na macho yakamtoka. Kisha akamwona mzee. "Mlazeni pale kivulini, apumzike."

"Kivulini kwa nani?" Mzee Bảy alifumbua macho. "Pumbavu wewe! Nikikata roho hapa, nani tena atakula mkate kwenye kona hii? Mzimu wangu utafukuza wateja mpaka enzi za wajukuu. Niondoeni! Niondoeni kwenye kona ya Nhàn!"

"Tulia, mjomba," Nhàn alilia.

"Sitatulia! Nipakieni chochote. Nikafie hospitali, huko wamezoea."

Wakampakia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Nhàn alikimbia pembeni yake akimshika kidole kimoja kilichokuwa hakijaungua.

"Usife, mjomba."

"Nimekataa mimi. Mwambie huyu bwege akanyage."

Baiskeli ikaenda, Nhàn akabaki barabarani. Kona ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Mama yake alisimama pale kabla yake, akijaza mikate maini ya kusaga, figili na karoti za siki, giligilani na pilipili. Watoto wa mtaa walinunua mkate pale wakiwa na mabegi ya shule, wakakua, wakaoa, na sasa wanapaki pikipiki palepale na watoto wao mbele, bila kushuka, wakinyoosha mkono tu. Anayekula kwa Nhàn hali kwa mwingine. Na kona ikipata jina la mauti, imekwisha.

Alirudi kwenye mabaki ya kigari, akachungulia chini. Matambara meusi yalikuwa yamefungwa kwa waya, yamejazana kwenye kila pembe ya uvungu. Yalinuka petroli. Nani angeinusa mapema, jirani yake akiwa Mzee Bảy na chupa zake?

"Walijua nitachoma karatasi," Nhàn alisema polepole. "Walimtuma yule mwanamke anitie nuksi, ili nijichome mwenyewe."

"Lực!" Dụng alitema mate. "Nani mwingine? Mwezi mzima anaitaka kona hii kwa ajili ya yule kimada wake. Alivunja kioo chako. Alimwaga supu ya samaki kwenye mikate yako. Leo kaamua kumaliza."

Nhàn aliingiza mkono kwenye majivu akakitoa kisu chake cha mikate, kirefu, chenye meno, mpini umeungua nusu. Akauviringisha kwa kipande cha aproni.

"Twende," alisema.

"Shemeji, mkono wako..."

"Nina mwingine. Washa pikipiki."

Lực, mbabe wa mtaa, alikuwa uwanjani kwake kando ya mfereji, pale anapopiganishia majogoo. Amekaa kwenye kigoda cha plastiki, kahawa ya barafu mbele yake, mkate mkononi, mashavu yamejaa. Mlangoni alisimama mlinzi wake, jitu la miraba minne.

"Dada Nhàn!" Lực alicheka mdomo ukiwa umejaa. "Umekuja kuonja mkate wa wenzako? Mbona umeungua kama..."

Hakumaliza. Dụng alishuka na nondo aliyoichomoa chini ya kiti, akampiga mlinzi gotini, na goti likalia kama muwa unaovunjwa. Mlinzi alianguka, wakakamatana, wakabingirika kwenye matope. Nhàn aliwaruka wote wawili.

Alimvaa Lực kifuani, kigoda kikapasuka, kahawa ikaruka. Kisu kikashuka. Sasa jueni kitu kimoja kuhusu kisu cha mikate: ncha yake ni butu, hakichomi. Kinakereza. Nhàn amekereza maelfu ya mikate kwa mkono uleule, na mkono ulikwenda wenyewe. Sikio la Lực likabaki linaning'inia nusu.

"Aaah! Mwanamke! Sikio langu!"

"Na ngozi ya Mzee Bảy nani atamrudishia?"

Lực hakuupata ubabe kwa kuogopa damu. Alimpiga ngumi ya mbavu, akamshika nywele zilizosalia, akamburuta mpaka kwenye pipa la maji ya majogoo na kumzamisha kichwa. Nhàn akameza maji machafu na manyoya. Akainuliwa.

"Umechanganyikiwa?"

Akazamishwa tena. Masikio yakaanza kumvuma. Mkono wake mzima ulipapasa nje ya pipa, ukagusa fito za tundu, ukapata mlango, ukaufungua. Ndani yake alikuwamo jogoo wa pambano la asubuhi, tayari amefungwa miiba ya chuma miguuni.

Nhàn alimkamata shingo. Akamrusha nyuma, juu ya bega lake, bila kuona.

Jogoo hakujali adui ni nani. Alitua usoni kwa Lực akamparura kwa miguu yote miwili, na Lực akaachia nywele akipiga yowe ambalo liliamsha mfereji mzima. Alipomvua yule ndege, jicho moja lilikuwa limefungwa na damu, na shavu limefunguka mpaka meno yakaonekana.

Nhàn aliokota kisu. Akampandia tumboni, meno ya kisu yakalala kooni.

"Sema! Nani alifunga yale matambara?"

"Matambara gani?"

"Usinichezee, Lực! Matambara ya petroli uvunguni mwa kigari changu! Na yule mwanamke wako wa nuksi! Mlitaka nife nikiwa nachoma karatasi!"

Jicho zima la Lực lilimtazama muda mrefu. Kisha, amini usiamini, akacheka, na damu ikamtoka pembeni ya mdomo.

"Nikuchome? Pale kwenye kona?"

"Pale pale!"

"Nhàn, una akili au umeiacha kwenye moto? Mimi naitaka ile kona. Naitaka ikiwa hai, na wateja wake. Kona aliyoungulia mtu nitaifanyia nini? Nani atanunua mkate mahali ulipofia? Hata mbwa hataokota makombo yako. Oanh wangu mwenyewe, ninayemtafutia kona, asingekubali kuweka mguu pale, angeniachia mlango wazi akaenda kwao."

Kisu kikalegea.

"Kioo nilivunja mimi," Lực aliendelea, akihema. "Supu nilimwaga mimi, na niliifurahia. Nilitaka uhame kwa miguu yako, ukinitukana. Aliyekufungia petroli hana haja na kona. Ana haja na wewe ufe, basi."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tangu mwanzo, na Mzee Bảy aliisema akiwa anaungua: niondoeni hapa nisiharibu kona. Mtu anayeipenda kona haleti mauti pale. Nhàn alikuwa amemkata mtu ambaye, kwa siku hiyo moja katika maisha yake yote, hakuwa na kosa.

"Basi ni nani?"

"Jiulize kigari chako hulala wapi. Hulala uani kwako, nyuma ya geti lenye kufuli. Vijana wangu ni wezi, si mizimu." Lực alikohoa. "Na nikwambie lingine kwa kuwa umeshaniharibia sura. Mumeo Tấn hakuteleza mwenyewe pale darajani. Nilikuwa chini yake navua. Niliona nani alikuwa..."

Nondo ilipita karibu na sikio la Nhàn ikivuma, ikatua kwenye kichwa cha Lực.

Paa!

Damu ya moto ilimrukia Nhàn machoni. Alipojifuta, Dụng alikuwa amesimama juu yao, kifua kikipanda na kushuka. Nyuma yake mlinzi alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, hatikisiki.

"Alikuwa anakuvuta mkono," Dụng alisema. "Nimeona anatafuta kisu. Umenusurika, shemeji."

"Hakuwa anavuta chochote! Alikuwa anazungumza!"

"Anadanganya. Watu kama hawa hudanganya mpaka kaburini."

Lakini Lực alikuwa bado hajafika kaburini. Midomo yake ilichezacheza, povu jekundu likitoka. Alikuwa na jina la mtu mdomoni, na Nhàn alilitaka jina hilo kuliko pumzi yake mwenyewe.

"Asife! Nahitaji kitambaa, damu inamtoka!"

"Mwache."

"Nimesema asife!"

Alikimbia mlangoni kwenye pikipiki. Lile tenga kubwa lilikuwa palepale nyuma ya kiti, na juu yake blanketi la kutunzia joto la mikate. Blanketi zito, safi, la kutosha kufunga kichwa. Nhàn alilivuta.

Lilikuwa baridi.

Miaka yote hiyo, kila akilivuta blanketi lile, lilimpokea kwa joto na harufu ya bekari, na mikate ikilialia kwa kupasuka maganda. Aliliinua lote. Tenga lilikuwa tupu. Hakukuwa na mkate hata mmoja, wala ganda, wala unga chini. Ilikuwa saa ileile ambayo wanafunzi na makarani hujaa kwenye kona, saa ambayo Dụng huleta tenga limefura mpaka mikate inachungulia.

Leo hakwenda bekari kabisa.

Na angeendea nini? Nani humnunulia maiti mikate ya kuuza?

Nhàn alisimama ameshika blanketi, na mambo yakaanza kumjia moja moja, kila moja likimkata kwa zamu yake. Geti lina funguo mbili, mmoja wake, mwingine wa Dụng. Mwanamke wa kitambaa cha maua hukodiwa na yeyote mwenye pesa. Nyumba ina jina lake, na yeye akifa ina mrithi mmoja. *Mlazeni pale kivulini, apumzike.* Kona ingekufa, na Dụng asingedondosha chozi. Tena walikuwa wawili, kaka na mdogo wake, usiku ule Tấn alipoanguka darajani.

"Shemeji." Sauti ilikuwa karibu sana. "Umekipata kitambaa?"

Aligeuka. Dụng alikuwa anakuja taratibu, nondo ikichora mstari kwenye matope. Nhàn alilirudisha blanketi juu ya tenga, akalipapasa kana kwamba chini yake kuna mikate mingi.

"Hili ni zito mno," alisema. "Litaharibika kwa damu."

"Hana haja nalo tena." Dụng alitikisa kichwa kuelekea ndani. Midomo ya Lực ilikuwa imetulia. "Panda, nikurudishe nyumbani. Umeungua sana. Nyumbani leo hakuna mtu, utalala vizuri."

Mbali, upande wa mfereji, zilisikika sauti za wanaume na viatu vinavyokimbia. Vijana wa Lực. Njia ya kutokea ilikuwa moja, na chombo cha kuwakimbia kilikuwa kimoja.

Nhàn alipanda. Alijibana mbele ya tenga tupu, akamkumbatia shemeji yake kiunoni kwa mkono ulioungua. Mkono mwingine ulikuwa chini ya aproni. Pikipiki iliruka nje ya uwanja, jiwe likapita juu ya vichwa vyao, na jingine, kisha wakaingia barabara kubwa katikati ya msongamano wa asubuhi.

Ndipo Dụng akahisi kitu kinamgusa uti wa mgongo.

"Tupitie bekari kwanza," Nhàn alimwambia sikioni.

"Bekari kuna nini?"

"Nataka niwaulize leo umechukua mikate mingapi."

Mgongo wa Dụng ukakakamaa. Aliendelea kukwepa pikipiki na baiskeli, na Nhàn aliona kwenye kile kioo kidogo cha pembeni jinsi uso wake ulivyokuwa unabadilika, kutoka uso wa shemeji hadi uso mwingine ambao hajawahi kuuona.

"Nilijua ningesahau kitu," Dụng alisema. Akacheka kidogo. "Hicho ndicho kisu cha mikate, sivyo? Hakichomi hicho, shemeji. Ncha yake butu. Kinakereza tu."

Akakata kona. Hakuelekea bekari. Mbele yao lilikuwa lile daraja, refu, kingo zake fupi, na maji meusi chini yake, pale Tấn alipopotelea. Dụng akazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, pikipiki ikalia, upepo ukawapiga usoni.

"Shika vizuri, shemeji!"

Nhàn alishika vizuri. Akakitoa kisu mgongoni mwa Dụng, akakipandisha taratibu, akakilaza pale panapokerezeka: shingoni.